Chombo cha Maua cha Bronzi Chenye Umbo la Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chombo ninachokizungumzia hapa ni kirefu, kina mdomo uliopanuka kama tarumbeta, kiuno chembamba, na katikati yake uso wenye macho mawili yanayokukodolea. Kimo chake ni sentimita 31, uzito kilo 2.9. Kimesubiwa, yaani kimetengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyuka ndani ya kalibu (ganda la kuumbia), miaka ya karibuni, lakini umbo lake lina zaidi ya miaka 3000. Nauza na kutunza vyombo vya namna hii pamoja na ndugu zake wa mtindo wa Kigiriki na wa Igbo-Ukwu ya Nigeria, na maswali ninayoulizwa dukani na kwenye simu ni yale yale. Nimeyaandika kama mnavyoyauliza.

Dada, hiki ni cha kale kweli?

Hapana. Na mtu akikuapia kwamba chombo kinachouzwa rafuni pamoja na fremu za picha kilifukuliwa kaburini China, mwache na bidhaa yake. Hiki ni kipya. Cha kale ni umbo, pambo, na namna uzito ulivyopangwa kutoka kitako hadi mdomoni.

Wala kuiga hakukuanza jana. Mfalme Huizong wa enzi ya Song, aliyetawala China kuanzia mwaka 1100 hadi mwanzoni mwa 1126, alikusanya vyombo vya bronzi ambavyo hata kwake vilikuwa vya kale mno. Zaidi ya vyombo 800 vya ikulu viliorodheshwa na kuchorwa kimoja kimoja, na michoro ile ikawa mwongozo wa mafundi waliotaka kusubu vipya kwa kufuata vya zamani. Nakala za enzi ile leo nazo zina miaka 900, na makumbusho huzionea fahari. Kwa hiyo mimi sina ugomvi na nakala. Ugomvi wangu ni na anayedanganya umri wake.

Shaba si shaba tu? Bronzi ndiyo nini?

Tumezoea kuita shaba kila madini mekundu au ya manjano yanayong'aa. Fundi huzitenganisha tatu. Kuna shaba nyekundu, ile ya nyaya za umeme. Kuna shaba ya manjano, ya koki za maji, masinia na njumu za milango ya Zanzibar. Hiyo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Halafu kuna bronzi, ambayo wengine huiita shaba nyeusi: shaba nyekundu na bati, kwa kawaida sehemu tisa kwa moja. Bati hapa si la kuezekea nyumba, maana lile ni bamba la chuma lililopakwa zinki. Bati lenyewe ni madini laini meupe yanayoyeyuka kwa nyuzijoto 232 tu.

Kwa nini watu wa kale walihangaika kuchanganya? Shaba peke yake huyeyuka kwa nyuzijoto 1085, na ukiimimina hushika vitundu vya hewa. Tia bati kiasi cha asilimia 10, itakuwa majimaji kwenye nyuzi 1000 hivi, itapenya hadi kwenye mikunjo midogo ya kalibu, na ikipoa itakuwa ngumu kuliko shaba na kuliko bati. Karne ya 14 KK jahazi moja lilizama Uluburun, pwani ya kusini ya Uturuki. Mpiga mbizi wa sponji aliliona mwaka 1982. Lilikuwa limebeba takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, yaani mapishi ya bronzi yakiwa tayari yamepimwa.

Na hapa nina neno kwa wasomaji wa Kongo. Jimbo la Katanga lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na mji wa Manono ulijengwa juu ya machimbo ya bati. Upande wa Tanzania, bati huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Viungo vyote viwili vya bronzi vinachimbwa na watu wanaozungumza Kiswahili. Huwa nawaambia hivyo wateja wanaodhani bronzi ni kitu cha Ulaya.

Umbo hili limetoka wapi?

Kwa Kichina chombo hiki huitwa gu. Kilikuwa kikombe cha pombe ya ibada katika enzi ya Shang, iliyodumu tangu takriban 1600 KK hadi 1046 KK au karibu na hapo. Pombe hiyo ilitolewa kwa roho za mababu kwenye karamu, na mtu mkubwa alipokufa alizikwa na vyombo vyake ili aendelee kuwakirimu huko alikokwenda.

Kaburi linalotufundisha zaidi ni la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke aliyeongoza majeshi vitani miaka ya 1200 KK. Lilifukuliwa Anyang, China, mwaka 1976 likiwa halijaguswa na wezi. Ndani yake mlikuwa na vyombo na silaha za bronzi zaidi ya 400, zenye uzito wa jumla wa takriban tani 1.6, na kati yake gu zaidi ya 50. Hebu fikiri: mama mmoja, vikombe zaidi ya hamsini. Huyu alitarajia wageni wengi.

Ubingwa wa mafundi wale haukuwa katika nta, kama wengi wanavyodhani, yaani kuumba chombo kwa nta, kuifunika kwa udongo, kuiyeyusha itoke, na kumimina madini mahali pake. Walifinyanga mfano wa chombo kwa udongo, wakaufunika kwa udongo mwingine, wakaukata ule wa juu vipande vipande, wakauchoma, kisha wakavirudisha vipande hivyo kuzunguka kiini cha udongo na kumimina bronzi kwenye nafasi iliyobaki katikati. Kazi ya namna hiyo huacha mshono kila vipande vinapokutana. Badala ya kuufuta mshono, wakausimamisha uwe ubavu wenye meno, ukashuka kutoka mdomoni hadi kitakoni kama pambo. Chombo changu nacho kina mbavu nne kama hizo. Kimetengenezwa kwa nta, hakina mshono wowote wa kuficha, lakini fundi amezibakiza. Kila nikizipangusa vumbi nawakumbuka wale waliougeuza upungufu wa kalibu kuwa uzuri.

Kwa kiasi cha kazi waliyoiweza, tazama chungu cha miguu minne kiitwacho Houmuwu ding, kilichofukuliwa karibu na Anyang mwaka 1939. Kina kimo cha sentimita 133 na uzito wa kilo 832.84. Leo kimo katika Makumbusho ya Taifa ya China, Beijing. Kwa madini mengi hivyo lazima tanuri kadhaa ziwe tayari kwa wakati mmoja, na mafundi wengi wasikie sauti moja.

Ule uso wenye macho ni wa nani? Ni sanamu la kuabudiwa?

Huitwa taotie. Ni uso uliopasuliwa katikati: macho, pembe, nyusi, pua, bila taya la chini. Ukiutazama muda mrefu, kila nusu yake inageuka kuwa mnyama kamili aliyesimama ubavu, na wote wawili wamegusanisha pua. Jina taotie lilikuja karne nyingi baada ya Shang, na Washang wenyewe hawakuacha maelezo ya maana yake. Kilicho dhahiri ni kwamba pambo hili liliwekwa kwenye vyombo vya kuwalisha na kuwanywesha mababu. Vyombo ndivyo vilivyotumika katika ibada, uso ule haukuwa ndio unaoabudiwa.

Wapo ndugu Waislamu wasiopenda sura za viumbe nyumbani, na wapo Wakristo wasiotaka alama za ibada ya wengine. Naheshimu msimamo huo na simlazimishi mtu; muulize shehe wako au mchungaji wako, si muuzaji. Ninachofanya ni kuwaonyesha vyombo visivyo na uso, vyenye mistari ya mraba inayozunguka ndani kwa ndani, pambo ambalo Wachina huliita la ngurumo.

Tena kuna jambo ambalo wengi wa pwani hawalijui. China ina Waislamu wake, na tangu enzi ya Ming na Qing (karne ya 14 hadi mwanzoni mwa ya 20) mafundi wa huko wamesubu bronzi zenye maandishi ya Kiarabu ya kumtukuza Mungu. Zilikuja mara nyingi kwa seti ya vitu vitatu: chetezo, kijaluba cha kuhifadhia udi, na chombo kidogo kirefu. Kile kirefu watu hudhani ni cha maua. Kilikuwa cha kusimamishia koleo na kijiko cha kuchokorea majivu. Mama yeyote wa Lamu au Unguja anayefukiza udi ataelewa mara moja kwa nini kilihitajika.

Kama kilikuwa cha pombe, kimekuwaje cha maua?

Kwa kupotea kwa kazi yake ya kwanza. Ibada zilibadilika, makaburi yakafukuliwa, vyombo vikaangukia mikononi mwa wasomi waliovipenda kwa uzuri wake. Enzi ya Ming watu wenye nafasi walikuwa wanatia maua ndani ya bronzi za kale, wakiamini kwamba chombo kilicholala ardhini muda mrefu hukawiza maua kunyauka. Wafinyanzi wakaiga umbo la gu kwa kauri, safari hii tangu mwanzo kikiwa chombo cha maua, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo uliofika hadi kwenye meza za Ulaya.

Ndiyo maana kabla sijamuuzia mtu chombo cha mtindo wa kale hupenda ajue kilikuwa kinafanya kazi gani. Karibu vyote tunavyovitia maua havikuwa vya maua.

Hata vile vya Kigiriki, vyenye masikio mawili na watu wanaocheza ngoma?

Hata hivyo. Chombo kipana cha masikio mawili huitwa krateri, na kazi yake ilikuwa kuchanganyia mvinyo na maji karamuni, maana Mgiriki mstaarabu hakunywa mvinyo mtupu. Kikubwa kuliko vyote vya bronzi vilivyosalia kilipatikana Januari 1953 huko Vix, Ufaransa, katika kaburi la mwanamke: kimo mita 1.64, uzito kilo 208, na kinachukua lita 1100. Kilitengenezwa karne ya 6 KK. Kipo katika makumbusho ya mji mdogo wa Châtillon-sur-Seine.

Kizuri zaidi, kwa macho yangu, ni cha Derveni, kilichopatikana karibu na Thessaloniki mwaka 1962. Kinang'aa kama dhahabu, na hakina dhahabu hata punje. Siri ni bati: wamelitia hadi kama asilimia 15. Ndani yake hamkuwa na mvinyo tena, mlikuwa na mifupa ya watu iliyochomwa. Kazi ilikuwa imeshabadilika tangu wakati huo.

Ila vile vinavyouzwa madukani kwa jina la Kigiriki mara nyingi haviigi bronzi yoyote. Vinaiga majagi ya marumaru ya bustani za Kirumi, hasa lile la Borghese lililoko Louvre, au la Warwick lililofukuliwa karibu na Tivoli na sasa liko Glasgow. Karne ya 19 viwanda vya Paris, kikiwemo cha Ferdinand Barbedienne, vilitumia mashine iliyobuniwa na Achille Collas kupunguza sanamu kubwa ziwe ndogo kwa vipimo sahihi, kisha wakazisubu kwa bronzi. Kwa hiyo unaweza kushika mkononi bronzi ya Kifaransa inayoiga kazi ya marumaru ya Kirumi iliyokuwa inaiga Wagiriki. Si kosa. Lakini bei ya kitu kama hicho iendane na Paris, si na Athens.

Afrika nayo haina cha kuigwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na huwa naenda kulijibu nikiwa na picha ya kile chungu cha kamba cha Igbo-Ukwu.

Mwaka 1938 Isaiah Anozie alikuwa anachimba shimo la kuhifadhia maji nyumbani kwake Igbo-Ukwu, kusini mashariki mwa Nigeria, jembe likagonga bronzi. Mwaka 1959 mwanaakiolojia Thurstan Shaw akaanza kufukua hapo, na yaliyotoka yaliwashangaza watu duniani: vyombo vya bronzi vya karne ya 9 hadi ya 10 hivi, vilivyosubiwa kwa nta na mikono myepesi kupita kiasi, pamoja na shanga zaidi ya 160,000. Wapo waliokataa kuamini tarehe hizo. Hawakutaka kukubali kwamba Waafrika wa msituni walikuwa wanasubu hivyo kabla Mreno hajaonekana baharini. Baadaye uchunguzi wa madini ukaonyesha kwamba shaba na risasi zilitoka huko huko Nigeria.

Chungu chenyewe kina kimo cha sentimita 32 hivi. Kimekaa juu ya kigoda chake, na mwili mzima umefungwa wavu wa kamba, kamba zilizosokotwa, zenye mafundo, unaona kila uzi. Vyote ni bronzi. Fundi yule alitazama mtungi wa udongo uliofungwa kamba ili ubebeke, mtungi ambao bibi zetu wote wangeutambua, akaufanya wa milele. Kilisubiwa vipande vipande kisha vikaunganishwa, na ukikitazama haraka hutaona ni wapi.

Nakala nzuri za chungu hiki ni chache sokoni, na hilo linanisikitisha. Duka moja lina gu kumi, lina majagi ya Kirumi, lakini ukiuliza Igbo-Ukwu muuzaji anakutumbulia macho. Nikipata fundi wa kukisubu vizuri, kamba zikawa kamba kweli na si mistari iliyokwaruzwa, nakinunua kabla sijauliza bei.

Vya Benin, mji wa Nigeria, ni habari nyingine. Watu husema bronzi za Benin, ila nyingi ni shaba ya manjano. Ziliporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, na mafundi wa mtaa wa Igun mjini Benin bado wanasubu hadi leo.

Na pwani yetu ya Waswahili?

Ipo siwa ya Lamu. Ni baragumu ya shaba iliyosubiwa kwa nta, iliyopulizwa kwenye sherehe za wakubwa, na unaweza kuiona katika Makumbusho ya Lamu karibu na ile ya pembe ya ndovu kutoka Pate. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walifukua kisanamu cha simba cha bronzi, kidogo cha kukaa kiganjani, chenye mtindo wa Kihindi. Hivyo ufundi huu si mgeni kwetu. Sijawahi kuona chombo cha maua kilichochukua mapambo ya siwa, na ningependa sana nione.

Kwa nini kitu kipya kina rangi ya kijani na kahawia?

Kwa sababu rangi hiyo imepikwa. Bronzi ikitoka kwenye kalibu ni ya manjano inayong'aa, na gu za Fu Hao zilipokuwa mezani ziling'aa hivyo; ukijani wake ni kazi ya miaka 3000 chini ya udongo. Fundi wa leo hupasha chombo moto kwa bomba la gesi huku akikipaka dawa: ya salfa hutoa kahawia hadi nyeusi, ya naitreti ya shaba hutoa kijani. Mwisho hupaka nta. Ngozi hii ya rangi huitwa patina.

Rangi iliyopikwa vizuri imeshikana na madini. Ya rangi ya kopo hubanduka kama ganda ukiikwangua kwa ukucha, na kijani chake hukaa mahali pote sawasawa, hata pale ambapo mkono hugusa kila siku. Patina ya kweli huchakaa kwenye kingo na kubaki nzito kwenye mifereji.

Nitajuaje kwamba si resini iliyopakwa unga wa bronzi?

Sumaku haitoshi. Bronzi haishikwi na sumaku, lakini resini na zinki pia hazishikwi. Sumaku itakuonyesha chuma tu.

Gusa kwanza: bronzi ni ya baridi shavuni. Gonga mdomo wake kwa kifundo cha kidole: bronzi hulia na kuvuma, resini hutoa sauti ya kisanduku. Kisha pindua kitako. Wenye resini hujaza uzito kwa mchanga au simenti na kuziba kwa kitambaa, kwa hiyo usidanganyike na uzito peke yake.

Kipimo ninachokiamini ni cha mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki au ya kupimia begi la safari. Funga chombo kwa kamba, kipime hewani. Changu ni kilo 2.90. Kizamishe chote ndani ya ndoo ya maji kisiguse kando wala chini, hewa yote ikatoka, kikiwa bado kinaning'inia. Mizani itashuka; changu kilisoma 2.57. Tofauti ni 0.33. Gawanya 2.90 kwa 0.33, unapata takriban 8.8, yaani chombo ni kizito mara 8.8 kuliko maji ya ujazo ule ule, na huo ndio uzani wa bronzi. Zinki ingekupa 7.1. Resini hubaki chini mbali sana. Shaba ya manjano inakaribiana na bronzi, kati ya 8.4 na 8.7, na hapo utaitambua kwa kukwangua kidogo chini ya kitako: ya manjano ni ya limau, bronzi ina wekundu. Ukimaliza, kikaushe vizuri.

Chini kuna mhuri wa herufi sita za Kichina. Si ushahidi huo?

Mara nyingi herufi hizo husema chombo kilitengenezwa enzi ya Xuande, mfalme wa Ming wa karne ya 15. Mhuri huo uliendelea kupigwa kwa karne nyingi baada yake, kama heshima kwa kazi nzuri za zamani. Unakuambia fundi alimpenda nani, haukuambii mwaka.

Naweza kukisugua kwa ndimu na chumvi kama masinia ya bibi?

Tafadhali usifanye hivyo. Ndimu, ukwaju, majivu na dawa za kung'arishia shaba ni sawa kwa sinia la manjano linalotakiwa liwake. Kwa chombo hiki utavua patina yote kwa dakika tano, na chumvi itabaki kwenye mifereji ikiendelea kula.

Kipanguse kwa kipande cha kanga kuukuu kikavu. Vumbi la kwenye mifereji litoe kwa brashi laini. Mara mbili kwa mwaka paka nta isiyo na rangi, nyembamba kabisa, iache ikauke, kisha sugua polepole.

Nakaa Mombasa karibu na bahari. Kimeanza kutoa unga wa kijani mpauko. Ni kawaida?

Si kawaida, na usingoje. Kijani kigumu chenye uso nyororo kinachoshikamana ni patina. Kijani mpauko cha unga, kinachokuja kwa vidoa na kurudi ukikifuta, ni ugonjwa wa bronzi: kloridi ya chumvi inashirikiana na unyevu wa hewa kula shaba, na kila inapokula inajitengenezea chakula kingine. Hewa ya pwani ina vyote viwili.

Kitenganishe chombo na vingine. Toa unga kwa kijiti cha mbao na brashi kavu, usikioshe kwa maji ya bomba wala ya kisima, kwa sababu maji yetu mengi yana chumvi. Kiweke ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vingi vya silika, vile vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, unyevu ushuke chini ya asilimia 40. Kikikauka hivyo ugonjwa husimama. Baadaye paka nta, na usikirudishe dirishani upande wa bahari.

Naweza kunywea?

Hapana. Bronzi za kusubu mara nyingi hutiwa risasi ili zimiminike vizuri, na za Shang zilikuwa nayo pia. Patina nayo ni chumvi za shaba. Ni chombo cha kutazamwa.

Nikisafiri nacho nitasumbuliwa uwanja wa ndege?

Nakala haina kizuizi, ila patina nzuri humtia shaka ofisa, na ana haki ya kuuliza. Mkataba wa UNESCO wa 1970 ulilenga kukomesha biashara haramu ya mali za kale, na nyumbani kuna sheria ya Tanzania ya mambo ya kale ya 1964 na ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006. Beba stakabadhi yenye neno nakala na mwaka wa kutengenezwa. Ukiuziwa kitu kwa masharti kwamba usiandikiwe stakabadhi, kiache hapo.

Nitie maua gani?

Machache. Kiuno cha gu ni chembamba, na mdomo wake mpana hutawanya mashina. Ukitia shada kubwa, linaanguka kila upande. Waridi moja la shina refu linatosha, au tawi la bogenvilia. Usimimine maji moja kwa moja ndani, yataharibu patina na kuacha mstari. Weka bilauri nyembamba au chupa ndogo ya plastiki ndani, maji yakae humo.

Changu cha nyumbani hakina maua wala maji. Pombe ya Washang ilipikwa kwa nafaka ndogo za jamii ya ulezi na mawele, kwa hiyo nimekitia mashuke matatu ya mawele yaliyokauka niliyopewa na shangazi yangu baada ya mavuno. Wageni huuliza kwa nini sikuweka waridi, na hapo ndipo ninapowaeleza habari za Fu Hao.